Naomba msaada: nataka barua pepe muhimu za ofisini zijiprinti zenyewe zikiingia

Karani wa Kurasini (mleta uzi)

Habari za muda huu wakuu.

Nipo ofisi ya wakala wa forodha hapa Kurasini, Dar es Salaam. Kwa wasioijua kazi hii, mteja akiagiza mzigo kutoka nje, sisi ndio tunaohangaika na nyaraka mpaka kontena litoke bandarini. Na nyaraka zenyewe siku hizi karibu zote zinaingia kwa barua pepe. Wakala wa meli anatuma notisi ya kuwasili kwa meli, kisha ankara ya gharama zake, tukishalipa anatuma D/O (hati ya kuruhusu mzigo utolewe). Mteja naye anatuma B/L (hati ya shehena ya meli) na ankara ya muuzaji. Kila moja ina muda wake. Notisi ikilala kwenye kikasha bila mtu kuiona, zile siku za bure zinaendelea kuhesabiwa, zikiisha inaanza tozo ya hifadhi bandarini na demareji (tozo ya kuchelewesha kontena), na mteja hataki kusikia kwamba barua ilikuwa haijafunguliwa.

Tatizo langu ni hili. Anwani ya ofisi ni moja na inapokea kila kitu: matangazo, mialiko ya semina, bei za wenye malori, salamu za sikukuu. Vijana wetu wa bandarini hawakai mezani. Wanapita asubuhi na mchana, wanachukua karatasi kwenye trei, wanaondoka. Bosi anataka karatasi iwe ndani ya jalada la mzigo kabla hajasaini malipo. Kwa hiyo kutwa nzima nafungua barua, naprinti, nafungua kiambatisho, naprinti tena. Nikienda benki, hakuna anayefanya.

Ninachotaka: barua za mawakala wa meli na za wateja wetu wakubwa tu, ikiingia, printa iichape yenyewe pamoja na kiambatisho. Tunatumia Outlook kwenye Windows 11, printa ni ya leza, iko kwenye mtandao wa ofisi. Inawezekana bila kununua kitu?

Fundi Mitandao

Inawezekana dada, ila kwanza tuambie Outlook yako ni ipi, maana zipo mbili na zinafanana jina. Angalia juu kushoto. Ukiona neno "File" mwanzoni kabisa, hiyo ni ile ya zamani, na ndiyo unayoihitaji. Ile mpya haina kabisa amri ya kuprinti ndani ya sheria zake. Halikadhalika Outlook ya kwenye kivinjari.

Na la pili: barua pepe zenu ziko Microsoft 365, Gmail, au mmepewa na kampuni iliyowahosti tovuti?

Karani wa Kurasini

"File" ipo. Barua pepe ni za jina la kampuni yetu, tulipewa pamoja na tovuti. Aliyetuwekea aliandika IMAP kwenye mipangilio.

Fundi Mitandao

Safi sana, IMAP ni njia ya kusoma barua zinazokaa kwenye seva. Basi anza na hili, halihitaji senti tano.

Nenda "File", halafu "Manage Rules & Alerts", halafu "New Rule". Chagua ile ya kuanza na barua zinazoingia, "Apply rule on messages I receive". Ukurasa unaofuata unakuuliza masharti. Weka tiki kwenye watumaji, kisha uandike anwani za mawakala wa meli moja moja. Ukitaka kubana zaidi, ongeza sharti la maneno kwenye kichwa cha barua, kwa mfano "arrival" au "delivery order", kwa kuwa wakala huyohuyo anayekutumia notisi ndiye anayekutumia ratiba za meli za mwezi mzima usizozihitaji. Ukurasa wa vitendo utaona "print it". Weka tiki, maliza, ipe sheria jina unaloweza kulitambua baadaye.

Sasa sikiliza mipaka yake, maana hapa ndipo wengi wanaiweka, inafanya kazi siku ya kwanza, halafu wanasema imeharibika.

Sheria yenye kitendo cha kuprinti inafanya kazi ndani ya kompyuta yako tu, seva haihusiki. Kompyuta ikilala au Outlook ikifungwa, hakuna kinachochapwa. Barua za usiku zitachapwa asubuhi ukiifungua. Kwa hiyo ingia kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, uiambie kompyuta isilale kamwe ikiwa kwenye umeme. Kioo kinaweza kuzima, hilo halina shida.

Inatuma kwenye printa chaguomsingi. Windows ina tabia ya kubadilisha printa chaguomsingi yenyewe kufuata ile uliyoitumia mwisho. Leo umehifadhi risiti kama PDF, kesho sheria yako inapeleka D/O kwenye "Microsoft Print to PDF", kinatokea kidirisha kinachouliza faili iitwe nani, kinakaa hapo hadi mtu akione. Nenda sehemu ya printa kwenye mipangilio, zima "Let Windows manage my default printer", halafu uchague printa yako ya leza wewe mwenyewe.

Na kubwa kuliko yote kwa kazi yako: inachapa maneno ya barua, haichapi kiambatisho. Kwa mwenye kazi ya kupokea oda zilizoandikwa ndani ya barua, inatosha. Kwako wewe D/O ni PDF iliyobandikwa, kwa hiyo hii ni nusu ya safari.

Mapokezi Nungwi

Nathibitisha aliyoyasema Fundi. Mimi niko hotelini Nungwi, Unguja, tunatumia njia hiyohiyo kwa barua za nafasi zilizowekwa na wageni. Kila kitu kimo ndani ya barua: jina, tarehe, chumba, ndege inayofika nayo. Mlinzi wa usiku na dereva hawana haja ya kuingia kwenye kompyuta, wanasoma karatasi iliyobanwa ukutani.

Nyongeza yangu ni kuhusu printa. Ikiwa inapata anwani yake ya mtandao kutoka kwenye ruta, siku umeme ukikatika na kurudi inaweza kupewa anwani nyingine, kompyuta ikawa inaitafuta pale pa zamani na kuandika "offline". Mwambie fundi wenu aingie kwenye ruta aifungie printa anwani moja ya kudumu. Sisi tangu tulipofanya hivyo hilo tatizo limekwisha.

Bila Karatasi

Samahani wakuu, nitaenda kinyume kidogo, na nasema kwa nia njema. Kwa nini karatasi? Barua ikishachapwa ina nakala mbili, na ile ya karatasi haijui kama kuna masahihisho yaliyokuja baadaye. Wakala wa meli akituma notisi ya pili yenye tarehe mpya ya meli, ile ya kwanza bado iko kwenye trei na kijana ameondoka nayo. Nimefanya kazi ya maghala Tanga, mzigo ulienda mlango usio wake kwa sababu ya karatasi ya jana. Mngeweza kuhamishia barua hizo kwenye folda moja ambayo vijana wote wanaiona kwenye simu zao, ikilia mlio wake. Hakuna wino, hakuna rimu za A4.

Mzee wa Masijala

Nimesoma hoja zenu vijana wangu, nami niseme kidogo. Nimefanya kazi masijala ya serikali hadi kustaafu, barua nimezipokea kwa mkono kabla hazijaanza kuja kwa waya.

Huyu ndugu wa mwisho ana hoja ya kweli na msiipuuze. Lakini dawa ya karatasi ya jana tuliijua zamani. Kila barua iliyoingia masijala iligongwa mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, ikaingizwa kwenye rejista, ikapewa namba ya folio ndani ya jalada lake. Barua ya pili kuhusu jambo lilelile ilipewa folio inayofuata, na ofisa anayefungua jalada anaanza na folio ya juu kabisa. Hawezi kufanya kazi na folio ya 6 wakati ya 7 iko juu yake. Karatasi iliyozagaa kwenye trei bila namba ndiyo inayoleta hasara, wala haijalishi imechapwa na mtu au na mashine.

Kwa hiyo binti yangu wa Kurasini, kabla hujaongeza anwani yoyote kwenye hiyo sheria yako, jiulize karatasi hii ikitoka, nani kwa jina lake atafanya nayo kazi, na ikishafanyiwa kazi inaingia jalada gani. Kama huna jibu la yote mawili, barua hiyo ibaki kwenye kompyuta. Nimeona ofisi zikichapa kila kitu na mwishowe hakuna aliyesoma chochote, kwa kuwa trei iliyojaa huwa haisomwi.

Na uweke daftari dogo kando ya printa. Anayechukua karatasi anaandika kichwa cha barua, saa, na saini. Mashine inajua kuchapa, haijui nani amechukua.

Karani wa Kurasini

Shikamoo mzee. Nimekuelewa vizuri sana. Majalada yetu yapo kwa namba ya B/L, kwa hiyo folio inawezekana kabisa, tulikuwa tu hatuziandiki.

@Bila Karatasi nakuelewa pia kaka. Tatizo getini na kwa mawakala wengine bado wanamtaka kijana aonyeshe karatasi, na simu yenye kioo kilichovunjika juani haisomeki. Lakini hilo la notisi ya pili nimelichukua, nitaomba ushauri wake.

@Fundi Mitandao sheria imewekwa na barua ya kwanza imetoka yenyewe. Sasa viambatisho?

Mzee wa Masijala

Marahaba binti.

Fundi Mitandao

Kwa viambatisho kuna njia kadhaa, na kwa kuwa barua zenu ni IMAP ya kawaida, moja nzuri inaondoka. Ofisi yenye Microsoft 365 ingetumia Power Automate: barua ikiingia kutoka kwa mtumaji fulani, kiambatisho kinahifadhiwa OneDrive, kompyuta ya ofisi inakichapa. Ninyi hamna.

Zamani Outlook ilikuwa na kitendo cha kuendesha skripti (programu fupi ya amri) moja kwa moja kutoka kwenye sheria. Microsoft walikiondoa kwa masasisho ya usalama ya mwaka 2017, kwa sababu mwizi akishaingia kwenye barua pepe ya mtu alikuwa anakitumia kuendesha programu zake. Utakuta mtandaoni maelekezo ya kukirudisha kwa kuchezea rejista ya Windows. Usiyafuate, hasa kwenye kompyuta ambayo malipo yanafanyika.

Kuna programu za kulipia zinazofanya kazi hii tu, kwa mfano Automatic Email Manager. Zinachapa barua na viambatisho na zina jaribio la bure. Kama bosi yuko tayari kulipa, hiyo ndiyo njia fupi.

Ya bure ni Thunderbird, programu nyingine ya barua pepe. Yenyewe haina kitendo cha kuprinti kwenye vichujio vyake, lakini ukiongeza kiongezi kinachoitwa FiltaQuilla unapata vitendo vya ziada, mojawapo kuhifadhi viambatisho kwenye folda unayoitaja. Kuhifadhi ni kitu kimoja na kuchapa ni kingine, kwa hiyo folda hiyo unaiwekea kifaili kidogo cha amri kinachoamka kila baada ya dakika chache, kinachapa PDF zilizomo, halafu kinazihamishia folda nyingine. Kwa kuchapa tumia SumatraPDF, ni nyepesi na ya bure, amri yake ni mstari mmoja:

SumatraPDF.exe -print-to-default -silent "D:\Kuchapa\faili.pdf"

Kuhamisha baada ya kuchapa ni lazima. Usipohamisha, D/O moja itatoka kila dakika chache mpaka karatasi ziishe.

Morogoro Linux

Mkuu Fundi umeeleza vizuri. Mimi ningempa njia nyingine kwa sababu moja tu: kompyuta anayofanyia kazi mtu si mahali pazuri pa kuweka kazi ya masaa 24. Inazimwa, inasasishwa, mtu anafunga Thunderbird akidhani haitumiki.

Dada, kama kuna kompyuta ya zamani imelala stoo, au Raspberry Pi (kompyuta ndogo sana), weka Linux (mfumo endeshi wa bure) humo na uiache karibu na ruta. Python, lugha ya kuandikia programu, inakuja na maktaba ya kusoma IMAP, huhitaji kupakua kitu. Skripti inaingia kwenye kikasha kila dakika mbili, inaangalia barua ambazo hazijashughulikiwa, inalinganisha mtumaji na orodha yako, inatoa PDF, inaipeleka kwa printa kwa amri ya lp, halafu inaihamishia barua kwenye folda ya IMAP ukiiita kwa mfano "Zimechapwa". Uzuri wa hiyo folda ni kwamba hata bosi akiwa safarini anaiona kwenye simu yake, anajua nini kimechapwa na nini bado.

Mambo matatu niliyoyaona yanawasumbua watu:

Mfumo wa uchapaji wa Linux, CUPS, ukikutana na hitilafu ya printa unaweza kuisimamisha foleni nzima mpaka mtu aje aifungue. Karatasi imekwama mara moja tu, umeitoa, printa iko tayari, lakini hakuna kinachotoka. Badilisha sera yake ya hitilafu iwe "retry-job", ijaribu tena yenyewe. Amri ni lpadmin -p jina_la_printa -o printer-error-policy=retry-job.

lp ikikubali kazi haina maana karatasi imetoka. Ina maana imeingia kwenye foleni. Usimwambie mtu barua "imechapwa" kwa kuangalia skripti peke yake, angalia trei na lile daftari la mzee.

Neno la siri la barua pepe usiliandike ndani ya skripti. Liweke kwenye faili lake ambalo mtumiaji mmoja tu ana ruhusa ya kulisoma. Wenye Gmail wajue kwamba neno la siri la kawaida halitafanya kazi. Washa uthibitishaji wa hatua mbili kwanza, kisha utengeneze neno la siri la programu, lile la herufi 16. Na wa Microsoft 365, njia ya kuingia kwa jina na neno la siri peke yake kwenye IMAP Microsoft walianza kuifunga Oktoba 2022, kwa hiyo skripti nyingi za zamani mtakazokuta mtandaoni zitagoma.

Karani wa Kurasini

Kompyuta ya zamani ipo. Mdogo wangu anasoma chuo mambo haya, nitamwomba aje Jumamosi. Je, ile huduma ya kutuma barua moja kwa moja kwenye printa? Nimeona watu wakiisema.

Fundi Mitandao

Ipo. Kuna printa za HP zenye ePrint na za Epson zenye Epson Connect, printa inapewa anwani yake ya barua pepe, ukituma PDF huko inachapwa. Ungeweza kuweka kwenye seva yako agizo la kusambaza barua za mawakala wa meli kwenda anwani hiyo. Ila nyaraka za wateja wako zinapita kwenye seva za kampuni ya printa kabla ya kurudi mezani kwako, na intaneti ikikatika printa iliyo hatua mbili kutoka ulipo haichapi. Pia huduma za namna hii zinaweza kufungwa na mwenye nazo: Google Cloud Print ilizimwa mwisho wa mwaka 2020, na waliokuwa wameitegemea ikabidi waanze upya. Ukiitumia, weka orodha ya watumaji wanaoruhusiwa, la sivyo yeyote atakayeijua anwani atakumalizia wino.

Pwani Advocates Clerk

Salamu kutoka Mombasa. Mimi ni karani katika ofisi ya mawakili, na kwetu jambo hili lina uzito wa kisheria. Kanuni za mwenendo wa mashauri ya madai Kenya zilirekebishwa mwaka 2020, hati ya wito inaweza kupelekwa kwa barua pepe, na hata kwa programu za meseji za simu. Kwa hiyo wito ukiingia kwenye kikasha, siku zinaanza kuhesabiwa upende usipende. Barua zinazotoka mahakamani na kwa mawakili wa upande wa pili tumeziwekea sheria yake, zinachapwa papo hapo na zinaenda mezani kwa wakili mkuu, hazipiti trei ya kawaida.

Ningependa kuonya juu ya kitu kimoja. Watu wakishakuwa na karatasi wanafuta barua pepe ili kupunguza nafasi. Msifanye hivyo kamwe. Karatasi iliyochapwa haibebi ile historia iliyofichika ya barua, seva ilizopitia, saa halisi, kama sahihi ya kidijitali ya mtumaji ilikuwa sawa. Kwetu Kenya rekodi ya kielektroniki ikipelekwa mahakamani inahitaji cheti chini ya kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kinachoeleza kifaa kilichoitoa na jinsi ilivyotolewa. Ukiwa na karatasi pekee, na ya asili umeifuta, utaeleza nini? Tanzania mna Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inayozitambua rekodi za kielektroniki, kwa hiyo ya asili ina thamani huko pia.

Mhasibu Kariakoo

Naomba niingie hapa kwa upande wa pesa, maana hakuna aliyeligusa na linanipa wasiwasi mkubwa.

Wezi wa siku hizi hawaandiki barua za urithi. Wanaingia kwenye mazungumzo ya kweli kati ya mnunuzi na muuzaji, wanasubiri ankara ifike, halafu wanatuma barua inayofanana kabisa na ya muuzaji: "akaunti yetu ya benki imebadilika, tafadhali lipeni hii". Kwenye kioo una nafasi ya kugundua, unaweka kishale juu ya jina na kuona anwani ina herufi moja ya ziada. Karatasi ikishachapwa, mara nyingi juu yake linabaki jina la mtumaji tu, anwani yenyewe haionekani. Na karatasi yenye nembo, iliyoko ndani ya jalada, yenye mhuri wa kupokelewa, inaonekana halali machoni pa mtu anayesaini hundi. Mashine imemsafishia mwizi barua yake.

Kwa hiyo kwa ofisi yangu, barua yenye ankara au maelezo ya benki haichapwi moja kwa moja, hata kama mtumaji yuko kwenye orodha. Na akaunti ikibadilika tunapiga simu kwa namba tuliyokuwa nayo tangu zamani, wala si ile iliyoandikwa kwenye hiyo barua.

Morogoro Linux

Hoja nzito sana hii. Skripti inaweza kusaidia: ichape ukurasa wa kwanza wenye anwani kamili ya mtumaji, saa iliyoingia, na matokeo ya ukaguzi wa SPF na DKIM (vipimo vya kama barua kweli imetoka kwa mwenye anwani) kama seva yenu inayaandika kwenye kichwa cha barua. Vikishindwa, isichape kabisa, imtumie karani taarifa. Na iruhusiwe PDF tu. Faili za Word na Excel zisiguswe na mashine.

Mapokezi Nungwi

Hilo la ukurasa wa kwanza linanikumbusha: rafiki zangu wenye mgahawa wana printa ndogo ya risiti, ile ya karatasi ya roli, inatoa kipande kidogo chenye jina la mteja na oda. Haina wino kabisa. Karani angeweza kuitumia kama kengele ya "barua imeingia kutoka kwa fulani, saa fulani", D/O yenyewe ikatoka kwenye leza. Ila karatasi zile zinafifia zikikaa juani au kwenye joto, zisiwekwe kwenye jalada.

Bila Karatasi

@Karani wa Kurasini kuhusu notisi ya pili: mwambie mdogo wako skripti itafute namba ya B/L kwenye kichwa cha barua. Ikikuta namba hiyo imeshachapwa awali, iandike juu ya ukurasa wa kwanza kwa herufi kubwa "INACHUKUA NAFASI YA ILIYOTANGULIA" pamoja na tarehe ya ile ya kwanza. Kijana akiona hivyo anajua karatasi aliyonayo mfukoni haifai. Bado napendelea simu, lakini kama ni karatasi basi iwe karatasi inayojieleza.

Karani wa Kurasini

Wakuu nimerudi. Mdogo wangu amekuja, kompyuta ya zamani imefufuka, iko kwenye UPS pamoja na ruta. Printa imefungiwa anwani yake. Tumeanza na mawakala wa meli tu, wateja tumewaacha kwanza, na baada ya maneno ya Mhasibu ankara zote nazichapa mwenyewe kwa mkono nikishaangalia anwani. Kinachotoka chenyewe ni notisi za kuwasili na D/O. Ukurasa wa kwanza una anwani ya mtumaji, saa, na namba ya B/L. Vijana wameanza kusaini kwenye daftari, na bosi anauliza folio.

Malipo ya mishahara na barua za wafanyakazi nimeziweka kwenye orodha ya zisizochapwa kabisa, kwani printa iko koridoni na yeyote anapita. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 tulisomewa kazini, sitaki hati ya kusafiria ya mteja ilale kwenye trei usiku kucha.

Swali la mwisho. Wakala mmoja wa meli anatuma PDF moja yenye kurasa nyingi, mbele ni notisi na nyuma yake ni masharti yao ya usafirishaji, maandishi madogo matupu, kila mara yaleyale. Zinatoka zote.

Morogoro Linux

Kwa huyo mtumaji peke yake, kwenye amri ya lp ongeza -P 1-2, itachapa kurasa mbili za mwanzo. Ukitaka zitoke pande mbili za karatasi moja ongeza -o sides=two-sided-long-edge, kama printa yako inageuza karatasi yenyewe. Mwambie mdogo wako aweke jambo hilo kwenye orodha ya watumaji, kila mtumaji na idadi yake ya kurasa, si kwenye skripti, ili wewe mwenyewe uweze kubadilisha bila kumsubiri. Na ukurasa wa mwisho wa kila kazi skripti iandike kwa herufi ndogo kwamba barua kamili ina kurasa ngapi, ili anayesoma ajue kuna nyingine hazijachapwa.

Karani wa Kurasini

Imekubali, kurasa mbili, karatasi moja. Hiyo ya idadi ya kurasa anaiandika sasa hivi. Ahsanteni sana wote, Mungu awabariki. Mwenye ofisi kama yangu akitaka orodha ya masharti tuliyoyaweka, aniandikie PM.

Wakala Tunduma

Dada naiomba. Sisi mpakani huku barua nyingi zinaingia usiku kutoka kwa wenye malori, na kompyuta yetu huwa tunaizima saa kumi na mbili jioni.

Fundi Mitandao

@Wakala Tunduma ninyi basi msianze na ile ya Outlook, nendeni moja kwa moja kwenye ya Morogoro. Angalieni kwanza kama printa yenu inaamka yenyewe ikipokea kazi ikiwa usingizini. Iacheni ilale nusu saa, mtume ukurasa mmoja wa majaribio, muone.